Helmeti ya Prussia: Hesabu Zinazofichua Ilikotoka

Mwaka 1919, karibu na kituo cha reli cha Grand Central jijini New York, Wamarekani walisimamisha piramidi iliyofunikwa kwa helmeti za Kijerumani zaidi ya 12,000. Ulikuwa wakati wa kampeni ya Victory Loan, mkopo wa dola bilioni 4.5 ambao serikali ya Marekani iliwaomba wananchi wake ili kulipia gharama za Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyokwisha miezi michache kabla. Kwa ajili ya kampeni hiyo helmeti 85,000 zilivushwa Bahari ya Atlantiki. Nyingine zilitumika kupamba mitaa, nyingine zikatolewa zawadi kwa waliouza hati nyingi za mkopo, na wengi wa wazawadiwa hao hawakuwahi kukanyaga Ulaya.

Naanza na piramidi hiyo kwa sababu kila anayeshika Pickelhaube, ile helmeti ya ngozi nyeusi yenye ncha ya metali utosini, huambiwa kisa chake. Ilivuliwa kichwani mwa ofisa aliyeanguka Verdun. Ilikuwa ya mlinzi wa Kaiser, mfalme mkuu wa Ujerumani. Babu aliichukua kwenye mahandaki ya Ufaransa. Kisa kinaweza kuwa cha kweli, kinaweza pia kuwa kimetungwa na wajukuu juu ya zawadi ya mwaka 1919. Bei inayofuata baada ya kisa, hata hivyo, hulipwa kwa fedha halisi. Helmeti ya kawaida ya askari wa miguu wa Prussia, ufalme mkubwa ndani ya dola ya Ujerumani, ikiwa kamili, mara nyingi huuzwa minadani kwa takriban dola 500 hadi 1,000. Kwa kiwango cha shilingi 130 za Kenya kwa dola, hizo ni shilingi 65,000 hadi 130,000. Helmeti ya sherehe ya Garde du Corps, wapandafarasi wa mfalme, ile yenye tai wa metali aliyetanua mabawa mahali pa ncha, hupita dola 10,000. Tofauti ni mara 10 na zaidi, na katikati ya bei hizo mbili ndimo wanamofanyia kazi waghushi.

Swali la asili ya helmeti, basi, ni swali la fedha. Na baada ya kuzichunguza kwa muda mrefu nimefikia msimamo ambao wauzaji wengi hawaupendi: nembo ya tai iliyoko mbele, kitu ambacho kila mtu hukitazama kwanza, ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Mashahidi wenye nguvu ni tarehe za amri za kijeshi, namba za rejimenti, idadi ya matundu kwenye ngozi, na mihuri iliyopigwa upande wa ndani ambako mnunuzi hachungulii.

Tarehe zinazobana

Mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia aliidhinisha helmeti hii tarehe 23 Oktoba 1842. Ilikuwa ndefu, takriban sentimita 38 kutoka ukingoni hadi ncha, na ukingo wake wa mbele ulikatwa pembe za mraba. Miaka iliyofuata ilifupishwa mara kwa mara. Kuna modeli ya 1857, ya 1860, ya 1867, ya 1871, ya 1887, ya 1891, ya 1895 na ya 1915. Modeli tisa katika miaka 73, yaani mabadiliko manane, ni wastani wa badiliko moja kila miaka tisa hivi. Kwa mchunguzi hiyo ni neema, kwa sababu kila badiliko lilikuja kwa amri yenye tarehe, na kipande chenye tarehe hakiwezi kuwepo kabla ya amri yake.

Mwaka 1867, kwa mfano, waliondoa utepe wa metali ulioshuka mgongoni mwa helmeti. Bila utepe huo ngozi ilipoteza umbo lake, na modeli ya 1871 ikaurudisha. Mwaka 1887 askari wa miguu waliacha magamba ya metali ya kidevuni wakapewa ukanda wa ngozi. Mwaka 1891 vikaja vitufe vipya vya pembeni vya kushikia ukanda huo. Mwaka 1895 utepe wa mgongoni ukawekewa kidirisha kidogo cha kuteleza, cha kupitishia hewa.

Tarehe ninayoipenda kuliko zote ni 22 Machi 1897. Siku hiyo, miaka mia moja tangu kuzaliwa kwa Kaiser Wilhelm I, majeshi yote ya Ujerumani yaliongezewa kokade ya dola, duara la rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, upande wa kulia wa helmeti. Kokade ya jimbo ikahamia kushoto. Kabla ya hapo helmeti ilikuwa na kokade moja tu. Muuzaji anayekuonyesha helmeti “ya vita vya 1870” yenye kokade mbili anakuonyesha ama helmeti ya baadaye ama helmeti iliyoongezewa kitu. Kuhesabu moja na mbili kunatosha kujua hilo, huhitaji kitabu chochote.

Rejimenti 217, na jinsi ya kuzipunguza

Sasa tuingie kwenye ukubwa wa jeshi lenyewe, maana hapo ndipo asili ya helmeti inapopatikana au kupotea. Mwaka 1914 Ujerumani ilikuwa na rejimenti 217 za askari wa miguu. Mgawanyo wake ni huu: 11 za Walinzi wa Prussia, 24 za Bavaria zilizokuwa na hesabu yake peke yake, na 182 zilizopewa namba mfululizo kuanzia 1 hadi 182. Kila rejimenti ilikuwa na batalioni 3, na batalioni ikiwa na takriban watu 1,000 vitani. Zidisha: 217 mara 3,000 ni watu 651,000. Hao ni askari wa miguu wa rejimenti za kudumu tu, kabla hujahesabu akiba, wapandafarasi, mizinga na wahandisi. Jeshi zima lilitoka watu wapatao 800,000 wa wakati wa amani hadi zaidi ya milioni 3 ndani ya wiki chache za Agosti 1914. Kila kichwa kilihitaji helmeti, na maghala yalikuwa na seti za ziada. Kwa hiyo Pickelhaube kama kitu si adimu hata kidogo. Adimu ni Pickelhaube inayoweza kuthibitishwa ilikotoka.

Chukua sasa helmeti yenye tai wa kawaida wa Prussia: mabawa wazi, upanga na fimbo ya kifalme makuchani, herufi FR kifuani, na utepe wenye maneno “Mit Gott für König und Vaterland”, yaani pamoja na Mungu kwa ajili ya mfalme na nchi. Tuone tai huyu anatusaidia kiasi gani.

Kwanza ondoa rejimenti 24 za Bavaria, ambazo nembo yao ilikuwa simba wawili wanaoshikilia ngao, na maneno “In Treue fest”. Ondoa 11 za Walinzi, ambao tai wao alibeba nyota ya Nishani ya Tai Mweusi. Zinabaki 182. Ndani ya hizo, 17 zilikuwa za Saksonia, kuanzia 100 hadi 108, kisha 133, 134, 139, 177, 178, 179, 181 na 182. Kumi zilikuwa za Württemberg, yaani 119 hadi 127 na 180, zenye nembo ya paa dume na simba. Tisa zilikuwa za Baden: 109 hadi 114, 142, 169 na 170, nembo yao ikiwa mnyama wa hadithi mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba. Tano zilikuwa za Hessen: 115 hadi 118, na 168, zenye simba mwenye upanga ndani ya shada la majani. Mbili, 89 na 90, zilikuwa za Mecklenburg. Toa zote na unabaki na 139. Toa tena rejimenti 12 za magrenadia, namba 1 hadi 12, waliokuwa na tai wa muundo wao.

Jumla inayobaki ni 127. Tai wa mbele, shahidi anayepigiwa picha na kusifiwa, amekutoa kwenye 217 akakuacha kwenye 127. Bado umebaki na karibu asilimia 59 ya rejimenti zote. Tena baadhi ya hizo 127 hazikuwa za Prussia kwa asili: rejimenti ya 75 ilikuwa ya Bremen, ya 76 ya Hamburg, ya 91 ya Oldenburg, ya 92 ya Braunschweig, ya 162 ya Lübeck. Majimbo hayo madogo yalitia saini mikataba ya kijeshi na Berlin, na vijana wao wakavaa tai wa jirani mkubwa, wakati mwingine kwa nyongeza ndogo ya alama yao. Mtu akikuambia “ina tai, basi ni ya Prussia”, mwulize rejimenti gani.

Kwa helmeti zisizo za askari wa miguu hesabu huenda haraka zaidi. Mwaka 1914 kulikuwa na rejimenti 110 za wapandafarasi. Kati yake 21 za mahusari zilivaa kofia za manyoya na 26 za maulani zilivaa kofia bapa juu, kwa hiyo 47 zinatoka mara moja. Makirasia 10, Jäger zu Pferde 13 na rejimenti 2 nzito za Saksonia zilivaa helmeti za metali tupu. Kwa helmeti ya ngozi zinabaki 38: madraguni 28, na za Bavaria 10. Ukingo wa mbele wenye pembe za mraba kwenye helmeti ya askari wa kawaida ya karne ya 20 mara nyingi hukuelekeza kwa madraguni. Kama badala ya ncha kuna tufe, umefika kwa mizinga. Rejimenti za mizinga ya uwanjani zilikuwa 100, ila 12 za Bavaria ziliendelea na ncha hadi mwaka 1916, kwa hiyo tufe linakuacha na 88. Metali nyeupe mahali pa shaba ya manjano, pamoja na tai wa kawaida, mara nyingi humaanisha wahandisi wa uwanjani.

Kuna nyongeza ndogo zinazofanya kazi kubwa kuliko tai mzima. Msalaba mdogo juu ya kifua cha tai humaanisha askari wa akiba au wa Landwehr, jeshi la raia waliokwisha kutumikia. Baadhi ya rejimenti za Hannover zilipewa mwaka 1899 tepe zenye majina kama “Waterloo” na “Peninsula”, kwa heshima ya mababu zao waliopigana dhidi ya Napoleon wakiwa chini ya mfalme wa Uingereza. Utepe wa “Colberg 1807” unaelekeza kwenye rejimenti moja tu, Grenadia ya 9. Hapo jina moja limefanya kazi ambayo tai hakuiweza.

Mihuri ya ndani

Geuza helmeti. Kwenye ukingo wa kisogoni, upande wa ndani, helmeti iliyotolewa na jeshi kwa kawaida ina mhuri uliopigwa kwa wino au kukandamizwa kwenye ngozi. Herufi B.A. ni Bekleidungsamt, ofisi ya mavazi ya kori, na kori ilikuwa muungano wa divisheni mbili. Namba ya Kirumi inayofuata ni namba ya kori, kisha mwaka. “B.A. IX 1911” maana yake ofisi ya mavazi ya Kori ya 9, iliyokuwa Altona karibu na Hamburg, mwaka 1911.

Mwaka 1914 kulikuwa na kori 25: moja ya Walinzi, 21 zenye namba I hadi XXI, na 3 za Bavaria. Kwa kawaida kila kori ilikuwa na rejimenti nane hadi kumi za askari wa miguu. Linganisha basi nguvu za mashahidi. Tai alikushusha kutoka 217 hadi 127. Mhuri wa ofisi ya mavazi unakushusha hadi kama kumi. Mhuri wa rejimenti, kwa mfano “J.R. 76” ambapo J ni Infanterie, unakushusha hadi moja, na mara nyingine hufuatiwa na namba ya batalioni na kombania, hadi kundi la watu wachache kuliko wanafunzi wa shule moja ya msingi. Sentimita chache za wino uliofifia zina thamani kuliko gramu zote za shaba iliyoko mbele.

Namba za kori zina faida ya pili: zina tarehe za kuzaliwa. Kori ya XVI iliyokuwa Metz na ya XVII iliyokuwa Danzig ziliundwa mwaka 1890. Ya XVIII huko Frankfurt na ya XIX huko Leipzig ziliundwa mwaka 1899. Ya XX huko Allenstein na ya XXI huko Saarbrücken zilisubiri hadi 1 Oktoba 1912. Kwa hiyo mhuri wa “B.A. XX 1908” hauwezekani. Kori hiyo haikuwepo, ofisi yake haikuwepo, na aliyeupiga mhuri huo hakuijua historia ya jeshi analoliuza. Vivyo hivyo tai wa Prussia kwenye helmeti yenye mhuri wa B.A. XIII ni jambo la kutiliwa shaka, maana ya 13 ilikuwa kori ya Württemberg, na ya 12 na ya 19 zilikuwa za Saksonia.

Tuifuate helmeti moja hadi mwisho. Ina ukingo wa mbele wa duara, ukanda wa ngozi, vitufe vya 1891, kidirisha cha hewa cha 1895, kokade mbili, tai wa kawaida wa shaba, na mihuri ya B.A. IX 1911 na J.R. 76. Kila tarehe inaingia ndani ya nyingine bila kugongana: 1891, 1895, 1897, 1911. Rejimenti ya 76 ilikuwa Hamburg, ndani ya Kori ya 9. Upande wa kushoto ninatarajia kokade nyeupe yenye msalaba mwekundu ya miji ya Hansa. Nikiikuta nyeusi na nyeupe ya Prussia sitaihukumu helmeti papo hapo, kwa sababu kokade ni kipande chepesi kuliko vyote kubadilisha, wakati wowote katika miaka mia iliyopita. Nitauliza swali, na nitapunguza bei.

Kukosa mhuri, kwa upande mwingine, si ushahidi wa kughushi. Maofisa walijinunulia helmeti zao, na vijana wa elimu waliojitolea kwa mwaka mmoja kwa gharama zao walifanya hivyo pia. Helmeti hizo hazikupita ghala la jeshi, kwa hiyo hazina B.A. Ya ofisa hujitambulisha kwa njia nyingine: ngozi nyembamba iliyong’arishwa, metali iliyopakwa dhahabu, kitambaa cha hariri ndani badala ya vidole vya ngozi vilivyofungwa kwa uzi, na vitufe vyenye umbo la nyota kwenye kitako cha ncha mahali pa vitufe vya duara. Tatizo ni kwamba bila mhuri humjui mwenyewe, isipokuwa aliandika jina lake ndani. Wengi hawakuandika.

Matundu, na hesabu ya mghushi

Nembo ya askari wa kawaida ilishikizwa kwa vitanzi viwili vya metali vilivyopenya ngozi na kuzuiwa kwa vipande vya ngozi upande wa ndani. Ya ofisa ilishikizwa kwa skurubu na nati. Ama hivi ama vile, ngozi inahitaji matundu mawili. Kila jimbo, na kila muundo wa tai, ulikuwa na vitanzi mahali pake. Mtu akiondoa nembo ya Württemberg na kuweka ya Walinzi wa Prussia, matundu ya zamani hayapatani na vitanzi vipya, inambidi atoboe mengine. Matundu manne ni ungamo. Matundu mawili makubwa yaliyopanuliwa kwa kisu ni ungamo pia, lililojaribu kujificha.

Kwa nini mtu ajisumbue? Tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme mtu ananunua mwili wa helmeti usio na nembo kwa dola 200, nakala ya nembo yenye nyota ya Walinzi kwa dola 120, na kokade na ukanda kwa dola 80. Ametumia 400. Akiiuza kama helmeti ya Walinzi kwa 2,500, amepata 2,100 kwa kazi ya jioni moja. Angeiweka nembo ya tai wa kawaida angepata labda 300. Motisha ya kughushi imelala hapo, na inatokana na ukubwa uleule wa jeshi: tai wa kawaida alivaliwa na rejimenti 127, sawa na vichwa vipatavyo 381,000 kwa wakati mmoja, wakati Rejimenti ya Kwanza ya Walinzi wa Miguu ilikuwa na vichwa 3,000 tu. Uwiano ni 127 kwa 1. Garde du Corps, ikiwa rejimenti moja ya wapandafarasi wapatao 700, uwiano wake unapita 500 kwa 1. Nikiona helmeti ya Walinzi naitazama kwa ukali mara mbili, kwa sababu hakuna anayeghushi kitu cha bei rahisi.

Nembo halisi ilipigwa kwa mashine kwenye bamba jembamba la metali, kwa hiyo nyuma yake utaona umbo la tai likiwa limebonyea, kila unyoya mahali pake. Nakala nyingi humiminwa kwenye kalibu: nzito, nene, bapa upande wa nyuma, na herufi za maneno ya utepe zina kingo butu. Mwombe muuzaji akupigie picha ya upande wa nyuma. Ombi hilo limeniokolea fedha nyingi kuliko vitabu vyangu vyote.

Vita vilipobadili malighafi

Ngozi nyingi za Ujerumani ziliagizwa Amerika Kusini, hasa Argentina. Uingereza ilipofunga bahari mwaka 1914, maghala yalipungukiwa wakati uleule mamilioni ya watu walipoitwa jeshini. Viwanda vikageukia sufu iliyogandamizwa, bati, na hata karatasi iliyokandamizwa. Helmeti hizo mbadala mara nyingi wanunuzi wapya huzidharau wakidhani ni bandia, kumbe ni halisi na zina simulizi ya uchumi wa vita ndani yake. Mimi huzithamini kuliko za ngozi za 1911, na bei za nyingine zimeanza kukubaliana nami.

Modeli ya mwisho ilitoka mwaka 1915. Shaba ilihitajika kwa risasi na mizinga, kwa hiyo nembo na ncha zikatengenezwa kwa chuma kilichotiwa rangi ya kijivu, na ncha ikawa ya kuzungusha na kuchomoa ili isionekane juu ya handaki. Juu yake askari alivaa kifuniko cha kitambaa kilichokuwepo tangu 1892, chenye namba ya rejimenti mbele: nyekundu hadi Agosti 1914, kisha kijani. R mbele ya namba ni rejimenti ya akiba, L ni Landwehr. Kifuniko halisi chenye namba inayolingana na mhuri wa ndani ni bahati kubwa.

Lakini ngozi haikuzuia vipande vya mabomu. Mapema mwaka 1916, kwenye mapigano ya Verdun, ilianza kutumika helmeti ya chuma iliyobuniwa na Friedrich Schwerd wa Hannover, yenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Pickelhaube ikarudishwa nyuma ya mstari wa vita, maghalani, na huko maghalani ndiko washindi walikozikuta kwa maelfu.

Je, zilifika Afrika Mashariki?

Wasomaji wa Tanga, Dar es Salaam au Tabora wana haki ya kuuliza kama helmeti hizi zilivaliwa huku wakati wa Wajerumani. Jeshi la Schutztruppe la Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambalo mwaka 1914 lilikuwa na kombania 14 na askari Waafrika wapatao 2,500, halikutumia Pickelhaube kama sare yake. Askari walivaa tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga kisogo, na maofisa wa Kijerumani walivaa kofia za kitropiki au kofia pana za ukingo uliokunjwa upande mmoja. Tena Schutztruppe lilikuwa jeshi la dola nzima, si la ufalme wa Prussia. Ofisa mmoja mmoja angeweza kuja na helmeti ya rejimenti yake ya nyumbani sandukuni. Ila mtu akikuuzia Pickelhaube kwa maelezo kwamba “ilivaliwa vita vya Tanga”, anauza kisa.

Ncha pekee haithibitishi hata Ujerumani. Urusi ilikuwa na helmeti za aina hii, polisi wa Uingereza walianza kuvaa helmeti yenye umbo linalofanana nayo mwaka 1863, jeshi la Marekani liliichukua mwaka 1881, walinzi wa mfalme wa Sweden bado wanavaa yao, na chuo cha kijeshi cha Chile kinaivaa kwenye gwaride hadi leo.

Kwa anayetaka kununua, au aliyerithi na anataka kujua, nasisitiza mambo machache. Usisafishe kabla ya kupiga picha: mafuta na brashi hufuta mihuri, na mhuri ukifutika helmeti inarudi kutoka rejimenti moja hadi 127. Usishone uzi uliokatika. Usinunue kokade “zinazokosekana” ili kuikamilisha. Helmeti pungufu yenye ukweli ni bora kwa mtafiti anayekuja baada yako kuliko helmeti kamili iliyounganishwa vipande. Mwombe muuzaji picha nne: ukingo wa kisogoni upande wa ndani, nyuma ya nembo, matundu ya ngozi nembo ikiwa imetolewa, na kokade zote mbili. Akikubali, linganisha tarehe moja baada ya nyingine. Akikataa, lipa bei ya helmeti ya kawaida isiyo na historia, hata akikutajia majina ya Kaiser na majenerali wake wote.